Milango Ishirini na Minne

Kibanda cha saiti, 6 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Na nyingine ya mkaza mjomba, umfikishie nzima nzima, usiimeze njiani. Sisi huku hatujambo. Goti la mama limetulia tangu nimhamishie chumba cha chini, ila sasa amepata ugonjwa mwingine, wa kupanga upya samani zangu kila nikienda kazini. Jana nimekalia kiti ambacho hakikuwepo. Anakusalimu sana, na anasema kaka yake lazima ni mzima kwa sababu hajaandika kuomba dawa ya mgongo.

Naandika kwa sababu wewe na simu hampikiki chungu kimoja. Miaka arobaini ya useremala imekula masikio yako, ukishika simu ni "nani? nani?" mpaka mtu anakata tamaa. Na jambo lenyewe linataka utulivu.

Mjomba, nimepewa jengo. Si kuchora choo cha jengo la mtu mwingine kama miaka yote. Jengo zima, la kwangu: maktaba ya mji, vyumba vya kusomea juu na chini, ua katikati. Na wenye mradi wanataka lipate cheti cha jengo la kijani. Kabla hujauliza, hapana, halipakwi rangi ya kijani. Ni cheti cha jengo lisilokula ovyo. Maji ya mvua ya paa yanakusanywa, taa haziwashwi mchana kwa sababu madirisha yamekaa panapotakiwa, rangi hazinuki sumu, vifusi vinachambuliwa kama mchele. Kila jambo lina alama zake. Wakaguzi wanakuja na fomu, wanapima, wanajumlisha. Zikifika sitini unapewa cheti. Zikiwa hamsini na tisa unapewa pole.

Nimejumlisha mara nne, nina hamsini na saba. Tatu za mwisho zimekaa kwenye milango: kila mlango wa mbao ulio ndani ya jengo uwe umewahi kuwa mlango mahali pengine, kwenye jengo lililovunjwa, na uwe na karatasi inayosema ulitoka wapi. Nahitaji milango ishirini na minne. Ndipo nikakumbuka lile rundo nyuma ya nyumba yenu ambalo mkaza mjomba analiita kuni zenye bawaba. Je, inafika ishirini na minne?

Nikueleze na hili, si kukutisha. Kuna mwenzangu ofisini, tunamwita Kiyoyozi kwa sababu madirisha ya majengo yake yote hayafunguki. Mkurugenzi amesema waziwazi: nikipata cheti, shule mbili zinazofuata ni zangu. Nikikosa, ni zake, na watoto mia sita watasoma ndani ya chupa iliyofungwa kizibo.

Mpwa wako,
Msumari


Nyumbani, 19 Februari

Mpwa wangu Msumari,

Marahaba. Ile shikamoo ya mkaza mjomba wako nimeifikisha, ila ameipokea kwa jicho kali, kwa sababu barua ilikuwa imekaa siku tatu mfukoni mwa koti langu. Tuko salama. Mgongo upo, unaendelea na kazi yake ya kuniamsha. Mwambie dada yangu asicheke sana, goti na mgongo ni mtu na binamu yake. Jirani amenunua kuku kumi na wanne na hana banda, kwa hiyo ni kama tumenunua sisi.

Hiyo habari ya cheti nimemsomea mkaza mjomba wako kwa sauti, tukatazamana. Dirisha likae unapotokea upepo, maji ya paa yasipotee, mbao nzuri isitupwe. Mwanangu, sisi hiyo tulikuwa tunaiita kujenga. Lakini kama siku hizi inatolewa cheti, kitafute, na ukikipata uninong'oneze kinakotolewa nami nikadai cha kwangu, cha miaka arobaini.

Unaniuliza kama ninayo milango ishirini na minne. Hiyo ni sawa na kumuuliza kinyozi kama ana nywele sakafuni. Ninayo thelathini na ushee. Kila nyumba iliyovunjwa mji huu nilifika kabla ya nyundo. Wengine walichukua bati, mimi nilichukua milango. Ni mbao ambazo leo ukiziulizia dukani muuzaji anakuonyesha picha.

Huyo Kiyoyozi amenichoma. Mtu anayejenga dirisha lisilofunguka ni kama anayeshona mfuko kisha akaufunga mdomo. Milango unayo, usijumlishe tena, utaumwa kichwa.

Mkaza mjomba wako anauliza kama bado unapinda misumari. Nimemwambia aache. Mtoto wa miaka saba aliyepewa nyundo ya mtu mzima na mlango wa stoo wa kujifunzia, akapiga misumari kumi na mmoja na yote kumi na mmoja ikapinda, hakuwa mjinga, alikuwa na haraka. Nilikuambia nini siku ile? Msumari uliopinda hautundikiwi kitu. Ukanuna siku mbili, na jina likabaki.

Mjomba wako


Kibanda cha saiti, 3 Machi

Mjomba,

Shikamoo kwenu wote wawili, na kuku wasalimie. Mama anasema huyo binamu wa goti lake, yaani mgongo wako, umsalimie pia. Kabati la vyombo sasa liko sebuleni, sijui kwa nini, na sijauliza.

Thelathini na ushee! Nimesoma hapo nikaruka ruka kibandani mpaka mwashi mmoja akaja kuuliza kama nimeona nyoka. Siku hiyo hiyo nikamwambia mkurugenzi, mbele ya Kiyoyozi, kwamba milango ipo. Kiyoyozi akatabasamu kama mtu anayejua mvua itanyesha na hana haja ya kukuambia.

Ombi moja, kwa heshima zote. Ihesabu kwa kuigusa, si kwa kuikumbuka. Unitumie urefu na upana wa kila mmoja mapema, kwa sababu mwezi ujao waashi wanafika kwenye linta, ile boriti ya juu ya milango, na nafasi za milango nikishaziacha sitaweza kuzibadilisha. Karatasi za ilikotoka zije na milango yenyewe. Dereva wa lori la saruji anapita kwenu kila baada ya wiki mbili, ameahidi kubeba.

Msumari


Nyumbani, 17 Machi

Msumari,

Marahaba. Hatujambo, wala usiulize zaidi. Mkaza mjomba wako ana hasira na mimi kwa jambo la humu ndani, litapita.

Vipimo hivi hapa kwenye karatasi ya pili, milango ishirini na minne. Nimeigusa yote kama ulivyoagiza. Mitatu ya mwisho nimeiandika kwa kalamu nyingine kwa sababu nimeipima siku nyingine, hakuna siri yoyote. Jenga.

Mchwa, mpwa wangu, ni mdudu asiye na adabu. Anakula ndani anakuachia rangi ya juu. Ukiutazama mlango unakusalimu, ukiugusa unageuka unga. Lakini hayo ni mazungumzo tu.

Mjomba wako


Nyumbani, 14 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba nakutumia mapema, utaniamkia ukishaisoma.

Tuko wazima. Siku hizi nyumbani kwetu kuna muziki. Anayeoga anaimba, na asiyeoga anajua asisogee. Kumbe mkaza mjomba wako sauti anayo, miaka thelathini na sita ya ndoa sikuwahi kujua. Kuku wa jirani nao wametuzoea, wanaingilia jikoni wanatokea sebuleni bila hodi, na mmoja ametaga ndani ya kiatu changu cha harusi.

Basi milango hiyo hapo kwenye lori. Nimeipiga randa, nimeziba kila kishimo kwa unga wa mbao na gundi, kisha, na hapa ndipo utakaponikumbuka, nimeipaka vanishi. Ile ya zamani ya kopo la chuma, ambayo kiwanda chake kimeshafungwa. Nilikuwa nimeihifadhi kwa kazi ya maana, na kazi ya maana imekuja. Nimepaka mara tatu kila mlango, pande zote mbili. Unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Macho yangu yametoa machozi wiki nzima kwa harufu, lakini ni harufu ya kazi. Mkaguzi wako ataisikia akiwa bado getini.

Karatasi za milango ilikotoka nimeziandika kwa mkono wangu. Nambari moja mpaka tisa ni posta ya zamani. Kumi mpaka kumi na sita, bweni la wauguzi. Kumi na saba mpaka ishirini na moja, kiwanda cha sabuni. Majengo hayo yote yalivunjwa, na miaka nimeiweka. Ishirini na mbili, ishirini na tatu na ishirini na nne ni nyumba ya mzee mmoja. Hataki kutajwa.

Mjomba wako


Kibanda cha saiti, 22 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na asante sana, na mgongo wako uambie asante.

Milango imefika yote, hakuna hata mmoja uliokwaruzwa. Inang'aa. Kweli inang'aa. Waashi walijipanga kujitazama, mmoja akachana nywele.

Mkaguzi alikuja jana kwa ukaguzi wa kwanza. Ni mama mmoja mpole mwenye miwani na mashine ndogo ya kupimia hewa. Alikaa kidogo kwenye chumba tulichoweka milango, akaandika mambo. Kazi imeongezeka, kwa hiyo nitakuwa kimya kwa muda. Usihofu.

Ila huyo mzee mmoja, Mjomba. Fomu haimkubali mzee mmoja. Anaitwa nani, na nyumba yake ilivunjwa lini? Nimempigia mkaza mjomba simu nimuulize yeye. Ananisalimu vizuri, anauliza hali ya mama, nikifika kwenye milango anasema kuna kitu kinaungua jikoni. Imekuwa hivyo mara tatu.

Msumari


Nyumbani, 15 Juni

Msumari,

Kimya chako kimezidi, hii ni wiki ya nane. Umeniambia nisihofu, na mtu akiambiwa hivyo ndipo anapoanza. Milango imepinda? Bawaba zimekataa? Niambie, mimi si kioo, sivunjiki.

Huku salama. Joto lilikuwa kali, ila nyumba yetu mwaka huu ina hewa ya ajabu. Upepo unaingilia jikoni, unapita ukumbini, unatokea upande wa bafu, haugongi popote. Feni tumeizima tangu mwezi wa nne, inaning'inia tu na buibui wake. Mkaza mjomba wako, aliyekuwa hanisemeshi, sasa analala mchana pale ukumbini kama malkia. Kunisamehe bado. Juzi alikuja kaka yake, mtu mzima na heshima zake, ikabidi aimbe bafuni wimbo wa shule ya msingi kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Kuhusu yule mzee, ni mtu wa siri. Nyumba yake, nikisema ukweli, haijavunjwa kabisa kabisa. Tusimsumbue. Andika utakavyoona.

Dada yangu ameshafikisha wapi makabati?

Mjomba wako


Kibanda cha saiti, 28 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, na mkaza mjomba naye akae, popote penye upepo. Mama hajambo, amefika kwenye kitanda changu.

Nilikuficha jambo, na kuficha kumenishinda. Ile vanishi yako ndiyo hasa kitu ambacho cheti kinakataza. Mama mkaguzi alipoingia chumba cha milango mashine yake ikalia kama kifaranga, na mwenyewe akatoka nje kukohoa. Akaandika kwamba hakuna mlango utakaoingia ndani ya jengo mpaka vanishi yote itoke. Kuitoa kwa dawa nako ni marufuku, maana dawa yenyewe inanuka. Kwa hiyo ni kwa mkono. Wiki tisa sasa, mimi na maseremala wawili, kila tukimaliza kazi ya siku tunakwangua kwa msasa na patasi butu, kisha tunapaka nta ya nyuki. Kiyoyozi anapita kuuliza kama tumeshaona dhahabu. Niliona nikikuambia nitakuvunja moyo. Uliipaka ile vanishi kwa mapenzi, nami nilijua.

Juzi nilikuwa na mlango nambari ishirini na tatu. Nimekwangua vanishi, nikakuta unga wako wa mbao kwenye vishimo vingi, vimekaribiana, kwenye kimo cha mtoto. Nikakwangua na huo unga. Kikatokea kichwa cha msumari, kimelala ubavu. Kisha kingine. Nilipofika cha tano nilikuwa sioni vizuri. Viko kumi na kimoja, Mjomba. Nikakaa sakafuni nikalia, maseremala wakadhani nimejikata.

Umeng'oa milango ya nyumba yako. Wa jikoni, wa stoo na wa bafu. Sasa nimeelewa nyimbo.

Na la mwisho ndilo gumu. Mlango uliong'olewa kwenye nyumba ambayo watu bado wanaishi hauhesabiwi. Masharti yanasema mwenye nyumba atatengeneza mwingine, mti mwingine utakatwa, na hapo hakuna kilichookolewa. Hiyo mitatu haina alama, na ikianguka hiyo mitatu sharti zima la milango limeanguka. Nabaki na hamsini na saba zangu. Ukaguzi wa mwisho ni tarehe kumi na tano Septemba.

Kwa nini hukuniambia tu kwamba ipo ishirini na mmoja?

Msumari


Nyumbani, 8 Julai

Msumari,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara moja, ya pili imenishinda.

Kwanza vanishi. Nimeona haya, nakuambia bila kuzunguka. Siku zote nilidhani mtu huharibu kazi kwa uvivu. Kumbe hata bidii inaharibu. Mikono yenu nyote watatu naiomba radhi.

Pili, unauliza kwa nini sikusema. Uliniambia niiguse, nikaenda kuigusa, mchwa walikuwa wamekula kumi. Nilisimama mbele ya lile rundo na futi mkononi kama mgeni aliyekosea nyumba. Nilikuwa nimeshakuandikia thelathini na ushee, nawe ulishamwambia mkurugenzi mbele ya huyo Kiyoyozi wako. Mpwa wangu, ni mwaka wa nane huu hakuna mtu aliyeniita saiti. Wewe uliniita. Ningeanzaje kukujibu kwamba mjomba wako ana milango ishirini na mmoja na unga? Nyumba inakalika bila mlango wa stoo. Bila wa bafu ni mtihani, lakini unaona tunaimba.

Tatu, dawa ninayo. Unasema mlango lazima utoke kwenye jengo lililovunjwa. Vizuri. Stoo ni kuta mbili na nusu tu. Jiko lina ufa wa miaka mingi, halinidai chozi. Bafu tutaoga uani kwa muda. Nyundo kubwa nimeshaitoa, Jumatatu ya tarehe ishirini na moja naanza, na utajaza fomu yako bila kusema uongo. Mkaza mjomba wako amesimama pale palipokuwa na mlango wa jikoni, amekunja mikono, ananitazama ninavyoandika. Tuandikie haraka nani kati yetu ana haki.

Au basi, ijaze tu kwamba nyumba ilivunjwa. Nani atasafiri kuja kutazama?

Mjomba wako


Kibanda cha saiti, 17 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Usivunje kitu. Barua hii nimempa dereva mkononi, na simu nimempigia mkaza mjomba, na safari hii hakukuwa na kinachoungua. Nyundo kubwa ameificha. Usijisumbue kuitafuta.

Wala sitaandika kwamba ilivunjwa. Uliniambia msumari uliopinda hautundikiwi kitu, ukaniacha ninune siku mbili ili niukumbuke, na nimeukumbuka. Hicho cheti nikikipata kwa uongo nitakitundika wapi?

Sasa nisikilize. Niliirudia barua yako ya Juni, ile ya feni na buibui. Upepo unaingilia jikoni, unatokea upande wa bafu, haugongi popote. Nikatandika ramani mezani. Nafasi tatu nilizozijenga kwa vipimo vya milango yako, moja ni ya chumba cha magazeti, moja ya chumba cha watoto, moja iko chini ya ngazi. Zote tatu zinatazama ua. Nikajiuliza, nani atafunga mlango wa chumba cha magazeti? Nikaziacha wazi siku nne na kupima hewa asubuhi, mchana na jioni. Mkutubi alikuja kutazama rafu zake, akaishia kushika makaratasi yake kwa mikono miwili.

Masharti yanasema kila mlango wa mbao ulio ndani ya jengo uwe umetumika kwingine. Hakuna panaposema kila nafasi iwe na mlango. Nimeyasoma mara sita. Ishirini na mmoja yako ina karatasi safi, na hiyo ndiyo itakuwa milango yote ya jengo.

Nimemwandikia mama mkaguzi kila kitu: vanishi, mchwa, mzee mmoja. Hajajibu. Kiyoyozi anatangaza ofisini kwamba nimekosa milango sasa nauita upepo kuwa fundi. Naogopa, Mjomba, nisikufiche tena. Lakini usingizi naupata.

Milango yako mitatu inarudi kwako.

Msumari


Kibanda cha saiti, hapana, ofisini, kibanda kimebomolewa. 21 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Barua yangu ya Julai hukuijibu. Mimi nikiwa na miaka saba nilinuna siku mbili, wewe na mvi zako miezi miwili. Sawa, ukubwa una mambo yake. Mkaza mjomba anasema ukiulizwa unasema unatafuta kitu.

Mama mkaguzi alifika tarehe kumi na tano kama alivyosema. Aliwasha mashine yake, ikakaa kimya chumba hadi chumba. Kwenye mlango mmoja wa posta hakuamini mashine, akainama akaunusa kwa pua yake mwenyewe. Kisha akasimama kwenye nafasi ya chumba cha watoto, skafu yake ikawa inapepea. Mwisho akaniuliza, "Huyo mzee mmoja, siku hizi bafu lake analifunga na nini?"

Nikamwambia analifunga na wimbo. Alicheka mpaka akavua miwani.

Milango imepata alama zake tatu. Jumla sitini. Baadaye akaangalia vipimo vya upepo vya zile nafasi tatu, akaongeza moja ambayo sikuiomba. Sitini na moja, Mjomba. Shule mbili ni zangu na madirisha yatafunguka. Kiyoyozi amenipa mkono, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini bawaba zangu za madirisha zinatoka kwa fundi gani.

Mama amelia, amefurahi, na amerudisha kabati la vyombo jikoni kwa hiari yake.

Lori linaondoka Ijumaa na milango yako. Ndani ya bahasha kuna nakala ya cheti, na nyuma yake orodha ya mafundi wa jengo. Soma mstari wa tatu. Kisha utazame mlango wa stoo, upande wa ndani.

Msumari


Nyumbani, 12 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba, tena marahaba. Sikununa. Nilikuwa natafuta nyundo.

Tuko salama, na mgongo nao. Dada yangu mwambie nimefurahi mpaka nimesogeza kiti, nimemwelewa sasa. Jirani amejenga banda, lakini kuku wenyewe wanalitazama kwa mbali.

Milango imefika. Wa bafu umefungwa siku hiyo hiyo, bisibisi alishika mkaza mjomba wako mwenyewe. Kesho yake akaoga mlango umefungwa na bado anaimba. Wa jikoni ameukataa katakata, anataka upepo wake, kwa hiyo nimeutilia miguu, ni meza. Ndiyo hii ninayoandikia. Nta yenu ni nzuri, nimeipitishia mkono mara nyingi. Mbao inaonekana ilivyo, na macho hayatoi machozi.

Ule mstari wa tatu nimeusoma. "Fundi wa milango." Jina langu lote, na la baba yangu. Nililia, na kwa kuwa jikoni hakuna mlango, mkaza mjomba wako aliniona. Amenisamehe.

Wa stoo nimeufunga peke yangu. Ile misumari kumi na mmoja nimeikuta imelala ilivyolala, sikuiziba tena. Juu yake, kwenye kimo cha mtu mzima, nikaona ule msumari wako mmoja mpya. Nimeuwekea pima maji. Nimeuvuta kwa vidole viwili, kisha kwa mkono mzima. Umenyooka, Msumari, umeingia bila haraka.

Tumetundika cheti hapo. Ni wiki ya pili leo, kila nikipita nakigusa, hakijaanguka.

Mjomba wako,
Fundi wa milango